Mkono Uliozoea Mbao

Nitaanza kwa kujisifu, maana wanaonijua watashangaa nikianza kwa kitu kingine. Kwenye ukuta wa mbao hapa Kolwezi hakuna mwanamke aliyewahi kunishinda. Wanaume walionishinda ni wawili tu, na mmoja wao ndiye aliyeujenga.

Ukuta wenyewe umo ndani ya karakana ya zamani karibu na reli, jengo la mabati ambamo parokia yetu huweka viti vya harusi. Aliyeujenga ni mwalimu wetu, mtu wa kaskazini mwa Katanga, Mprotestanti asiyeonja hata bia. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kuning'inia kwa kamba kwenye matangi na mabomba ya viwanda, akipaka rangi pale ambapo ngazi haifiki. Mkataba ulipokwisha alibaki na kamba zake, mikanda ya kujifungia kiunoni, na mwili uliokataa kuishi chini kama watu wengine. Akapanga mbao kutoka sakafuni mpaka karibu na paa, akachonga vishikio vya mti mgumu, akavikaza kwa bolti na kuvipaka rangi. Kijani ni njia ya wanaoanza. Njano ni ya waliozoea. Nyekundu ni ya wenye kichaa.

Mimi nilikwenda pale kuchukua viti vya harusi ya binamu yangu. Nikakuta watu wazima wananing'inia kama nguo zilizoanikwa, nikacheka mpaka nikaegemea mlango. Mwalimu akaniangalia.

"Unacheka, dada? Panda kwanza, kisha utacheka."

Hasira zangu haziko mbali. Nilivua viatu, nikamwacha anifunge mkanda juu ya kitenge, nikapanda ile njia ya kijani mpaka katikati, nikashuka. Viti vya watu nilivisahau. Jumanne iliyofuata nilirudi nimevaa suruali.

Lazima mjue kwamba siku nzima kazi yangu ni kukaa. Ni karani katika ofisi ya usafirishaji. Malori ya shaba yanapoelekea mpakani Kasumbalesa, karatasi zake hupita mezani kwangu. Napiga muhuri, naweka sahihi, napiga muhuri tena. Shaba yote hiyo inapita mbele ya macho yangu na mikono yangu haigusi hata vumbi lake. Kule karakanani mikono hiyo ilipata kazi. Mwaka wa pili haujaisha, njia nyekundu ilikuwa kwangu kama ngazi ya nyumbani, na watu walikuwa wanavuta viti vya harusi ili wanitazame. Najua, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini sitadanganya: nilipenda kusifiwa, na bado napenda.

Mtu mmoja tu hakuwa amenisifu, na ndiye niliyemtaka.

Baba yangu alikuwa mchimbaji wa chini ya ardhi maisha yake yote, kama baba yake aliyeletwa kutoka Kasai kwa treni kufanya kazi hiyo hiyo. Sasa amestaafu. Kifua chake kina vumbi, masikio yake yameliwa na mashine za kutoboa, na redio yake inasikika mpaka kwa jirani wa tatu. Mimi huniita "mama", kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Akikasirika ananiita "weye", na hiyo "mama" inapotea siku nzima. Nilimpeleka karakanani mara moja. Alikaa juu ya kiti cha harusi akanitazama nikipanda nyekundu mpaka juu bila kupumzika, watu wakapiga makofi. Halafu akainuka, akausogelea ukuta, akagonga ubao kwa kidole kimoja.

"Ile ni mbao, mama. Mbao haiko libwe."

Akaomba arudishwe nyumbani, asikose habari za redio. Sikusema naye mpaka kesho yake jioni.

Neno hilo, kwamba mbao si jiwe, halieleweki bila kujua kazi yake. Chini kule, baruti ikishapiga, hakuna anayeingia mahali papya kabla mtu mmoja hajatangulia na chuma kirefu, akagonga mwamba wa juu na kusikiliza unajibu nini. Mawe yaliyolegea anayaangusha kwa hicho chuma. Wengine wote wanangoja nyuma na taa zao na chakula chao. Katika kikosi chao aliyetangulia alikuwa baba. Aliporidhika alisema neno moja tu: "Muikale." Ndipo watu walikaa wakala. Desturi hiyo aliileta mpaka nyumbani. Bukari, ugali wetu, inaweza kuwa mezani inatoa moshi, na hakuna kati yetu aliyethubutu kuvuta kiti kabla baba hajasema "Muikale."

Na kuna jambo lingine ambalo mtu wa hapa hahitaji kuelezwa: mwanamke hashuki shimoni. Wanasema mawe yanamkimbia, madini yanajificha. Baba aliamini hivyo hata kwa kile chuma chake. Mama alipofagia hakuruhusiwa kukiruka, alizunguka. Nilipokuwa na miaka tisa, baba aliwaita kaka zangu watatu nyuma ya nyumba, akapanga mawe chini na kuanza kuwafundisha kugonga. Mimi nilipita na ndoo ya maji kichwani, nikasimama.

"Weye, peleka maji kwa mama yako. Haya maneno ni ya banaume."

Kaka zangu walicheka. Nilipeleka maji, nikarudi kujibanza nyuma ya ukuta wa jiko, nikasikia ko, ko, ko, lakini sikuweza kuona ni jiwe gani lililojibu vipi. Leo kaka mmoja anauza simu Lubumbashi, mmoja anaendesha lori, na wa tatu anafundisha hesabu Likasi. Hakuna hata mmoja anayegusa jiwe isipokuwa limeingia kiatuni. Baba aligawa masikio yake kwa watu wasioyahitaji. Mimi nilitaka sehemu yangu. Makofi ya karakanani yalikuwa matamu, lakini nilichotaka ni hicho.

Kiangazi kilipoingia, mwalimu alisema wakati wa mbao umekwisha, twende kwenye jiwe lenyewe. Tulikuwa watano ndani ya pikapu ya kuazima, tukala vumbi mpaka Nzilo, tukapita bwawa, tukashuka kwa miguu kule ambako mto Lualaba umejibana kati ya kuta za mwamba na kupiga kelele. Mwalimu alipanda kwa njia ya nyuma, akapitisha kamba juu, akaachia ncha zake mbili mpaka chini, akashuka kuishika. Mimi nilikuwa nimebeba sufuria ya bukari na samaki wa kukaanga. Niliiweka kivulini, chini kabisa ya mwamba, karibu na mwalimu aliyeshika kamba yangu.

Nilipanda kwa maringo. Maringo yalidumu kama mita tatu.

Kwenye mbao kuna mtu aliyekwisha kufikiri kwa ajili yako. Amekuwekea rangi, amepima urefu wa mkono, amekaza bolti. Pale Nzilo hakuna aliyenifikiria. Mwamba ulikuwa na mashimo mia na sikujua lipi ni kishikio na lipi ni uongo. Jua lilinichoma shingo, na wenzangu waliozoea kunipigia makofi wakanyamaza. Niliona aibu kali, aibu ya mwanafunzi wa kwanza darasani anayeshindwa kusoma mbele ya mgeni.

Ndipo upande wa kulia nikaona kijani. Jiwe lililotokeza vizuri kama sikio la sufuria, lenye rangi ile ya mawe ya shaba ambayo kila mtoto wa Kolwezi anaijua kabla hajajua kuandika. Kwetu kijani ni heri. Kijani ndiyo mshahara, kijani ndiyo shule. Na karakanani kijani ndiyo njia rahisi. Mkono wangu haukuniuliza. Ulikwenda wenyewe, ukashika, nikautupia uzito wote.

Jiwe likatoka.

Nilianguka kidogo tu, kamba ikanishika, nikabamizwa goti kwenye mwamba. Jiwe lilianguka zaidi yangu. Lilitua juu ya sufuria, na bukari ikatapakaa mchangani na samaki wake. Dakika moja kabla ya hapo mwalimu alikuwa amesimama hapo hapo penye sufuria. Alikuwa amesogea hatua mbili tu ili aone miguu yangu.

Alinishusha polepole. Hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza.

"Dada, ku mbao kuko bolti. Hapa nani alifunga?" Aliokota sufuria iliyobonyea, akaitazama. "Kama haujue kusikia libwe, hautapanda tena hapa. Si juu yako. Juu ya ule anashika kamba, libwe isimuue."

Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Nilifika nyumbani nachechemea, na kipande cha lile jiwe kwenye mfuko. Baba alikuwa barazani na redio yake. Alitazama goti, akatazama vumbi kwenye nywele zangu.

"Ulianguka ku mbao?"

"Ku libwe."

Akazima redio. Nilimpa kile kipande. Alikigeuza mkononi, akakikwangua kwa ukucha, unga wa kijani ukadondoka kwenye suruali yake.

"Kijani ni njia ya maji. Fasi maji ilipitaka, libwe inaoza mu ndani. Weye ulishika hii?"

"Nilishika."

"Mbele ya kushika, uligonga?"

Hapo hasira ikanipanda, ya goti na ya sufuria na ya miaka mingi.

"Ningegonga namna gani? Nani alinifundishaka? Ulifundishaka bakaka, mi ulinifukuza na ndoo ya maji! Bakaka batatu, ata moja hagusi libwe. Mi njo nagusa! Leo libwe ilipita karibu na kichwa ya mutu, sababu mi sijue kusikia!"

Sikuwa nimewahi kumpigia baba kelele. Mama alitokeza mlangoni na mwiko mkononi, akatutazama wote wawili, akarudi ndani. Baba aliwasha redio tena, na mimi nikaenda kuosha goti nikijua kwamba nimejifungia mlango kwa mkono wangu mwenyewe.

Siku nne hakuniita kwa jina lolote. Jumapili, tulipotoka misa, nilisikia sauti yake nyuma ya nyumba.

"Mama."

Alikuwa bado amevaa koti la kanisani. Mbele yake kulikuwa na mawe saba yamepangwa chini, na mkononi alikuwa na kile chuma ambacho miaka yote kilisimama nyuma ya kabati. Alininyooshea. Mimi nina ulimi mbaya, na bado nilikuwa na uchungu.

"Nikishika, tata, libwe haitakimbia?"

Baba si mtu wa kujibu haraka.

"Inakimbiaka ata mwanaume, kama hasikii. Shika."

Nilishika. Kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani, na mahali pa mikono palikuwa laini kabisa. Akaniambia nifumbe macho. Akaniambia jiwe zima linalia, jiwe gonjwa linakohoa, na kwamba kati ya hayo mawili kuna majibu mengine mengi ambayo mtu anayajua kwa kugonga tu. Yeye mwenyewe hakuweza tena kusikia tofauti. Aliweka kiganja chake juu ya jiwe wakati nikigonga. "Sasa mi nasikiaka na mukono," alisema, ingawa mkono huo nao umeanza kutetemeka. Jiwe la kwanza nilikosea. La pili nilikosea. La tatu nilisema linalia, akacheka mpaka akakohoa, na nikajua hata bila kuambiwa.

Majuma yaliyofuata niligonga kila kitu. Niligonga nyumba yetu yote, nikagundua pale ambapo saruji imeachana na tofali, na baba akatia alama kwa mkaa. Niligonga ukuta wa ofisini, mkuu wangu akaitika kutoka chumba cha pili, "Ingia!" Niligonga hata mimbari, Mungu anisamehe, watu wakiwa wanapanga mstari wa komunyo. Jioni moja nilifumba macho, nikayapita mawe saba bila kosa hata moja. Baba hakunisifu. Alisema tu kwamba Jumamosi yeye pia atakwenda Nzilo.

Alikaa mbele kwenye pikapu, na kofia yake, na lile koti. Tulipofika hakuutazama mto. Aliutazama mwamba, kutoka chini mpaka juu, kwa muda mrefu, kisha akavua kofia. Mwalimu alimletea jiwe la kukalia mbali na ukuta. Hakulikalia.

Nilijifunga. Kiunoni niliweka nyundo ndogo ambayo baba aliitengenezea mpini. Safari hii sikupanda kwa maringo, nilipanda kwa maswali. Nagonga jiwe, nasikiliza, nashika. Naligonga, nasikiliza, naliacha. Mashimo mia yale yale yalianza kujitenga moja moja: hili ndiyo, hili hapana, hili kwa mguu tu. Nilifika pale nilipoangukia. Kidonda cha lile jiwe la kijani kilikuwa bado kibichi kwenye mwamba. Niligonga kando yake, pakakohoa. Niligonga la kushoto, dogo, la rangi ya majivu, baya kwa sura; na sikuwa na hakika.

Nilitazama chini kwa baba. Alikuwa ameweka mkono nyuma ya sikio, akatikisa kichwa: hasikii. Kati ya mto ule na masikio yale, hakuna ambacho angeweza kuniambia. Niligonga tena. Nikaona hakuna mtu mwingine wa kuulizwa. Lilikuwa linalia, sauti nyembamba, safi. Nilishika, nikajivuta, likakaa.

Kutoka hapo mpaka juu sikumbuki woga. Nakumbuka ngozi ya vidole inauma na mimi natabasamu mwenyewe kama mwehu. Nilifika juu, nikalala kifudifudi kwenye majani makavu, nikanusa jasho langu, nikaona maji ya bwawa yanameta nyuma ya vichaka. Nikapiga kigelegele ambacho parokia nzima ingekisikia. Karani wa mihuri, mwanamke, mjukuu wa mtu aliyeletwa kwa treni, nilikuwa nimepanda mwamba wa Lualaba kwa masikio yangu. Nililia kidogo pia. Nilikuwa na haki.

Nilipofika chini baba hakupiga makofi. Alinishika mikono yote miwili, akaigeuza, akatazama viganja, akairudisha. Nikasema moyoni, basi, ndivyo alivyo, inatosha. Haikutosha, lakini nilikuwa na njaa.

Mwalimu alikuwa ametandika kitambaa kivulini, chini ya mahali ambapo mwamba umetokeza kama paa. Mama alikuwa ametuazimisha sufuria yake kubwa kwa maonyo mengi. Wenzangu walikuja na sahani, tayari wanakunja miguu wakae. Baba akainua mkono mmoja. Kila mtu akasimama alipokuwa.

"Tata, ikala, chakula itapoa," mwalimu alimwambia.

Baba alinyoosha kiganja kuelekea ule mwamba wa juu. Haukufikika. Akaushusha mkono, akanigeukia mimi, akasema kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia:

"Mungoje. Mutu wa libwe aseme kwanza. Mama, inasema nini?"

Wote walisimama na sahani zao, wakingoja. Nilitoa nyundo kiunoni, nikapanda juu ya jiwe, nikagonga. Nilifumba macho. Niligonga kushoto, nikagonga katikati, nikarudia katikati mara tatu. Palikuwa panakohoa. Nikawaambia si hapa, wakabeba sufuria na kitambaa bila kubisha, baba nyuma yao na kofia mkononi, tukasogea mpaka mwisho wa kivuli. Niligonga tena huko, pote, polepole, mpaka mkono ukachoka. Mwamba ulilia kila mahali.

Nikashuka. Baba alikuwa ananitazama mdomoni, kama anavyotutazama sasa ili ajue tunasema nini.

"Muikale," nikasema.

Yeye ndiye aliyekaa wa kwanza.